Majani Mawili Mkononi

Kituo cha Majani, karibu na Roret,
Jumatatu, tarehe 11 Mei.

Kwako Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako Aoko, salamu za moto ingawa huku kwetu baridi imekaza na mvua haimsikii mtu. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, isipokuwa jana ambapo sikupata hata lepe la usingizi, na sababu yake ndiyo barua hii. Je, wewe hujambo? Lile goti linalokusumbua ukipanda kutoka stesheni limepata nafuu? Na Mama, presha yake imeshuka au bado anaficha vidonge chini ya mto na kudai amevimeza? Mpe salamu zangu zote. Msalimie pia yule jirani wa shamba la miwa, mwambie ile panga yake nilimrudishia, asinitafute.

Najua utauliza kwa nini nimeandika kama watu wa zamani na simu ipo. Baba, simu yako anaishika Mama, na Mama hupenda kuweka sauti ya juu ili asikie vizuri, na majirani nao wakasikia vizuri. Habari hii nataka uisome wewe kwanza, peke yako, umekaa chini, miwani iko machoni. Nimempa kaka Gordon aiweke mkononi mwako kwa sababu anateremka huko kesho na lori. Nimemwapisha asiifungue, lakini namjua Gordon. Gordon, kama umefika hapa, aibu ni yako.

Haya, nisikuzungushe. Wanakuja! Baba, wanakuja kwetu! Jumamosi tarehe sita Juni watu wa kina Kipngeno watafika Fort Ternan kuniomba, na atakayetangulia mbele ni mama yake mzazi. Ndiyo, huyo huyo! Huyo ambaye wewe na Mama mlishakata tamaa naye. Leo asubuhi nimepima majani ya chai ya watu wanane na sikumbuki kilo za hata mmoja bila kutazama kitabu, kichwa changu kimejaa furaha tupu.

Nikukumbushe kidogo ili usipotee njiani. Kipngeno unamjua, yule kijana wa kituo cha maziwa aliyekuja kukusalimia Krismasi akala samaki pamoja na miba kwa sababu aliona haya kuuliza. Baba yake alishafariki, na mkubwa wa nyumba sasa ni baba yake mdogo, Mwalimu Noah, aliyestaafu ualimu mkuu akawa mzee wa kanisa. Mwalimu hana neno na mimi. Lakini alisema wazi kwamba hawezi kuongoza watu kwenda kuposa huku mama mzazi amebaki nyumbani amenuna. Na Mama Kipngeno, mwaka mzima na zaidi, alikuwa na jibu moja tu: bado. Ukimuuliza bado nini, anasema bado. Kipngeno alichoka, akanishauri tukae pamoja tu, mengine yatafuata. Nikamwambia hiyo njoo-tukae yake amtafutie mwingine. Nilikuahidi wewe kwamba nitatoka kwetu kwa mlango wa mbele, watu wakiwa wamekuja wakaniomba, na ahadi hiyo sikuwa tayari kuivunja hata kwa Kipngeno, na unajua ninavyompenda.

Watu walidhani ni mambo ya kabila, eti mama hataki mkamwana wa kutoka upande wa Ziwa. Wapi! Mimi nilijua ni gunia. Sikuwahi kukuambia habari ya hilo gunia kwa sababu najua ungenigombeza, na ungekuwa na haki.

Ilikuwa wiki yangu ya pili hapa kituoni, miaka mitatu iliyopita. Mama mmoja alikuja na gunia limejaa pomoni. Nikalimwaga mezani kama ninavyowamwagia wote. Kiwandani wanataka majani mawili na kichipukizi, basi, wewe uliyeyakausha miaka ishirini na minane unajua. Humo ndani mlikuwa na majani manne manne, mengine magumu kama soli ya kiatu, na vijiti juu yake. Nikamwambia ayapange upya au arudi nayo. Akanijibu kwa upole kwamba lori limeshafika na mvua iko juu. Nami, Baba, mdomo huu, nikamjibu kwamba hata mvua ikinyesha majani mabovu hayageuki kuwa mazuri. Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mama akajitwika gunia lake, akaondoka. Miezi sita baadaye Kipngeno ananipeleka kwao kwa mara ya kwanza, mlango unafunguliwa, yawa, ni yeye!

Sasa ndipo karata zinaingia. Usigune, soma tu.

Nyumbani kwa Mwalimu Noah, kila Jumapili alasiri baada ya kanisa, wanacheza poka. Mjukuu wake aliwafundisha likizo moja, akarudi chuoni, akawaacha na ugonjwa. Kwa kuwa Mwalimu ni mzee wa kanisa, shilingi haikaribii meza ile, hata ikianguka kutoka mfukoni lazima uitoe nje. Wanacheza kwa maharagwe. Kila mmoja anahesabiwa hamsini, na anayeishiwa wa kwanza ndiye anayechemsha chai na kuosha vikombe. Wachezaji ni Mwalimu, Mama Kipngeno, Kipngeno, na Bogonko, yule Mkisii mwenye duka la dawa za mifugo hapa sokoni ambaye huongea kuliko redio. Kipngeno akanipeleka mimi niwe wa tano. Alidhani mimi na mama yake tukikaa meza moja kila wiki, ipo siku atanizoea.

Sikuwaambia kwamba mchezo huo naujua. Sikuwaambia kwamba kwenye nyumba za wafanyakazi kule chai, nikiwa darasa la nne, baba yangu na wenzake wa zamu walicheza barazani kila Jumapili juu ya kreti la soda, na kwamba mimi nilikaa magotini pako nikikushikia karata zako. Unakumbuka uliniambia nini? Ulisema mtu hashindi kwa kucheza sana, anashinda kwa kukataa sana. Karata mbili za kwanza ndizo majani yako. Esi mbili, kingi mbili, kwini mbili, esi na kingi, hizo chuma. Nyingine zote tupa, uendelee kunywa uji wako. Na mimi hata leo ndivyo ninavyocheza.

Sheria za Mwalimu ni karibu zile zenu. Unapewa karata mbili unazozificha. Halafu katikati ya meza zinafunuliwa tano za wote, kwanza tatu, kisha moja, kisha ya mwisho, na kabla ya kila kufunua unaweka maharagwe kwenye bakuli, au unatupa zako unatoka. Aliye na mpangilio mzuri mwishoni anachukua bakuli. Na wengine wote wakitupa, aliyebaki peke yake anachukua bila kuonyesha chochote. Mwalimu ameongeza sheria moja anayoisimamia kwa ukali wa darasani: karata iliyotupwa haifunuliwi, na mtu haulizi ilikuwa nini.

Baba, ungemwona Mama Kipngeno akicheza ungeshika kichwa. Huyo hajawahi kukutana na karata mbaya! Nne na tisa, yumo. Tatu na jeki, yumo. Anasukuma maharagwe kwa kiganja kizima huku anakutazama machoni, mpaka wewe mwenyewe unaanza kuzionea shaka karata zako. Na anashinda! Bogonko anamwogopa waziwazi. Kipngeno ndiye huosha vikombe karibu kila wiki, hawezi kumkatalia mama yake kitu hata kwenye mchezo.

Nami nikakaa pembeni, natupa. Natupa, nakunywa chai, natupa. Wakanipa jina la Karani. Bogonko alisema nimezoea kukataa majani ya watu, sasa nakataa hata niliyopewa bure. Walicheka wote isipokuwa mama, maana neno la majani lilimchoma, nami nilitamani meza inimeze.

Jumapili ya tatu, woi, zikaja! Nikainua pembe za karata zangu nikaona esi mbili. Nikaweka maharagwe kumi na tano kwa mpigo. Na unajua nini kilitokea? Wote wakatupa. Wote, hata Mama Kipngeno! Nikachukua bakuli lenye maharagwe yao manne tu, moja moja la kuanzia. Kipngeno alicheka hadi akatoka nje. Bogonko akatangaza kwamba Karani akigusa bakuli, hata kuku wa Mwalimu wakimbie. Nilikasirika siku nzima. Nilikuwa nimekataa sana hivi kwamba siku niliyochuma, hakuna aliyetaka kusimama nami.

Nikajifunza, lakini. Nikawa naweka matatu badala ya kumi na tano, uso nimeulaza. Nikawa nangoja wenzangu waseme kwanza ndipo niseme. Kufikia Pasaka nilikuwa nashinda Jumapili moja kati ya mbili, na sikuwahi kuosha kikombe. Niliona kitu kingine pia. Kila nilipoingia mchezoni, Mama Kipngeno alikuwa akinitazama kwa makini. Nikifunua, akiona kingi mbili au kwini mbili, anatikisa kichwa kidogo, ananigeuzia uso.

Basi jana. Tulitoka kanisani mbingu imekwisha kuwa nyeusi. Hatujamaliza hata chai ya kwanza, mvua ya mawe ikaanguka juu ya bati, kelele ambayo hata Bogonko ilimnyamazisha. Hakuna wa kutoka. Tukacheza, tukacheza. Kipngeno akaishiwa, kama kawaida. Bogonko naye. Mwalimu akaishiwa, akabaki kuwa mgawaji. Nikainua macho: tumebaki mimi na mama, na marundo yetu ya maharagwe yanakaribia kulingana.

Hapo Bogonko, ambaye kunyamaza kulikuwa kumemchosha, akatania kwamba hapa pangefaa kuchezewa kitu kizito kuliko vikombe. Kipngeno akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kuchezewe safari ya Fort Ternan. Alikuwa anatania, Baba, alikuwa na uchungu wake tu. Lakini mama aliweka kikombe chini. Akasema sawa. Akasema amechoka kuulizwa swali moja kila siku ndani ya nyumba yake. Tutacheza mkono mmoja tu, karata zigawiwe mara moja basi, na anayechukua bakuli ameshinda. Nikichukua mimi, yeye mwenyewe atafunga kitambaa kichwani, atangulie mbele ya watu mpaka kwa baba yangu. Akichukua yeye, nisirudi tena kwenye meza hii, na jina la Fort Ternan lisitajwe tena mbele yake na mtu yeyote.

Mwalimu alikataa, akasema ndoa haipangwi kwa maharagwe. Kipngeno alisimama, akamwambia mama yake kwamba alikuwa anatania, basi yaishe. Nami nilijua la kufanya. Nilitakiwa niseme hapana, Mama, tucheze vikombe. Lakini unajua kichwa chako hiki ulichonizalia. Mwaka mzima wa "bado" ulinipanda kooni, nikasikia sauti yangu ikisema nimekubali. Kipngeno alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

Ni baada ya kukubali ndipo nilipoelewa alichonifanyia mama yule. Baba, mchezo wangu wote ni kungoja, na mkono mmoja hauna kungoja! Kutupa ni kushindwa. Angenipa mikono ishirini ningemkalia mpaka esi zije. Alikuwa amenitazama miezi mitatu, akajua mahali penyewe pa kunishika. Nilikubali kuweka maisha yangu juu ya karata mbili ambazo sikuwa na ruhusa ya kuzikataa. Nilijuta hapo hapo.

Mwalimu akagawa huku anaguna. Mama akaziinua zake, akarekebisha miwani, akazitazama mara ya pili. Akaweka maharagwe kumi. Nikazitazama zangu. Nikazilaza. Halafu nikasukuma rundo langu lote bakulini, lote, mpaka mengine yakamwagikia mezani.

Mama alitazama maharagwe, akanitazama mimi, akatazama tena karata zake. Kisha, Baba, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliniuliza kama baba yangu anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Bogonko baadaye alidai huo ulikuwa ujanja wa kunibabaisha. Mimi nilimjibu kweli, kwamba wewe ni wa rangi, sukari nyingi, na kwamba maziwa unasema ni ya ndama. Akafikiri. Akasema hilo litarekebishwa.

Halafu akageuka, akawaambia wote kwamba karani huyu aliyakataa majani yake lori likinguruma na mvua ikiwa juu ya vichwa vya watu, hakumwonea haya wala huruma, na mtu wa namna hiyo hawezi leo kumletea takataka mezani. Akazitupa karata zake kifudifudi kando ya sahani yake. Akasema yeye ameshindwa, atafutiwe kitambaa.

Mayowe yaliyopigwa pale yalishinda mvua ya mawe! Kipngeno aliniinua na kiti changu. Mwalimu, mzee wa kanisa, alicheza hatua mbili za ngoma ambazo sidhani zimo kwenye kitabu cha nyimbo. Bogonko alikuwa analia machozi ya kweli, na leo hii soko lote la Roret linajua kutoka kwake kwamba Aoko alikuwa na kingi mbili. Kipngeno yeye anaapa zilikuwa esi. Sijamjibu yeyote. Sheria ni sheria, mtu haulizi.

Sasa, Baba, hapa ndipo nilipotaka uwe umekaa.

Nilikuwa na saba na mbili. Saba na mbili, Baba! Hata hazikufanana rangi. Zile ulizonionyesha barazani ukasema hizi hata mlevi anazitupa. Nilizisukumia maharagwe yote nikiwa nimetoa macho makavu kama mtu mwenye haki. Miaka yote nimezikataa karata mbovu, halafu siku pekee ya maana nikamwaga takataka mezani na kudai ni daraja la kwanza. Na alinipa ushindi kwa kunitaja mimi kama mtu asiyeweza kufanya hivyo. Alipolisema lile neno nilihisi uso unaniwaka. Nilizichomeka karata zangu katikati ya zile nyingine haraka sana, mtu asizione.

Mawe yalipokoma wote walikimbilia nje kutazama chai ya shambani kwa Mwalimu imepigwa vipi na kama ng'ombe wako salama. Nikabaki peke yangu na meza. Nilikuwa nimeamua, Baba, naapa, kwamba nitamfuata nje nimwambie ukweli, hata kama safari itakufa. Nikaanza kukusanya karata ili nizirudishe kwenye boksi kwanza. Zake mbili zilikuwa bado zimelala kando ya sahani, mahali alipoziacha. Sheria ya Mwalimu naijua. Nikazigeuza.

Esi nyeusi na esi nyekundu.

Nilikaa chini. Wewe unajua, sina haja ya kukueleza, lakini ngoja niandike ili nijisikie nikisema. Hakuna karata mbili zinazozitangulia esi mbili kabla ya meza kufunuliwa. Hakuna. Hata kama aliamini nina kingi mbili, alikuwa mbele yangu. Hata kama aliamini nina esi nyingine mbili, tulikuwa sawa tu. Na huyu ni mwanamke anayefuata kwa nne na tisa! Alizitazama mara mbili, na miwani. Hakukosea, na mimi sikumtisha hata kidogo. Saba na mbili zangu hazikufanya kazi yoyote pale mezani. Alikuwa na ushindi mkononi, akaniuliza chai yako ni ya namna gani, akautupa, akanipa na heshima juu yake mbele ya watu ili asionekane ametoa.

Nililia, Baba. Nililia nimezishika zile karata mpaka niliposikia viatu mlangoni, nikazichanganya na nyingine. Aliingia yeye. Alikuwa amelowa mabega. Nikaziingiza zote kwenye boksi. Akanitazama, akatazama boksi la karata, akasema vikombe havijioshi. Tukaviosha pamoja. Yeye anaosha, mimi nafuta. Aliniambia kwamba siku ile ya gunia alifika nyumbani akalimwaga uani, akalipanga jani kwa jani, na akaona karani alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomuuma miaka mitatu, alisema, maana karani angekuwa amemwonea, yeye angeshasahau.

Leo asubuhi alikuja kituoni na gunia lake. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alishasikia habari za Bogonko, wote wametega masikio. Akaniambia kwa sauti ya kusikika nimwage, nikague, nisimwonee haya. Nikamwaga. Majani mawili na kichipukizi, Baba, juu mpaka chini, ungeyabusu. Nikapitisha mkono mara mbili. Nikakuta moja gumu, moja tu, nikalitoa nikaliweka pembeni. Mama Kipngeno akaangua kicheko, cheko ambalo sijawahi kulisikia kwake tangu nimjue, na wote wakacheka naye.

Nilipokuwa namwandikia kilo zake aliinama karibu na mzani, akaniuliza polepole kama ni kweli karata iliyotupwa haifunuliwi. Nikamwambia ndiyo, Mama, haifunuliwi. Akasema basi vizuri, ya kwako na ya kwangu. Akachukua gunia lake tupu akaenda.

Hivyo kuna watu watatu tu wanaojua, mimi, wewe, na yeye kwa kadiri anayojua. Wanne, kama Gordon amefika hapa. Kipngeno nitamwambia siku tukiwa wazee.

Nina maombi kwako. Tarehe sita, akishakaa, atasimulia jinsi binti yako alivyomshinda kwa karata nzito. Atasimulia, namjua, na Bogonko ameshajipa kiti kwenye gari ili amsaidie. Tafadhali usicheke, wala usinitazame. Mwambie tu kwamba ndivyo ulivyonilea. Mwambie Mama asipike samaki mwenye miba. Wasalimie wadogo zangu wote, shangazi, na watu wa kanisa. Goti ulikande na maji ya moto, usingoje nije nikusukume. Mungu awalinde mpaka tuonane, siku si nyingi.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Nimemwona jioni hii akikifukiza kibuyu chake cha maziwa kwa mkaa, kile kizuri chenye shanga cha kupelekea wakwe, karibu wiki nne kabla ya safari. Ametaja kwamba kuna mzee mmoja hajui chai. Najua maziwa yanakusumbua tumbo. Siku hiyo, Baba yangu, akikumiminia, unywe. Unywe mpaka chini, na umwombe akuongeze.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Dolphine Aoko,
Karani.